Ifanye Sawa Hata Nikiwa Nimechoka

Kigera, Musoma
20 Januari 2024

Mdogo wangu Helena,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nisamehe nimechelewa kukuandikia. Barua yako ya Krismasi ilifika salama nikaiweka juu ya kabati, nikasema nitajibu jioni, na hiyo jioni ndiyo imefika leo. Sina sababu nzuri ya kukupa, nina watoto wawili tu. Naomi ameota meno ya chini na akinyonya ananing'ata kama ananidai. Clever amepata rafiki kwa jirani, siku hizi anarudi nyumbani kula na kulala kama mpangaji. Kule Butiama baba na mama wazima. Mama alikuja na mihogo mingi mpaka nikagawa. Baba anasema mguu umepungua kuuma, lakini unamjua, hata ukikatika atasema umepungua kuuma. Shemeji yako Onesmo yuko safarini na lori. Anakusalimia, anakuita Sista tayari. Mimi ulimi bado haujazoea.

Unakula vizuri huko? Usinifiche.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Ile laptop uliyoniachia hapa steshenari imebadilika tabia. Zamani faili la PDF nilikuwaga nalibonyeza mara mbili, linafunguka kwenye ile programu ya kusomea, naprinti, mteja anaondoka. Mwaka jana alikuja baba mmoja na kadi ya mchango wa harusi, akataka kurekebisha jina la ukumbi. Akaomba akae mwenyewe. Akaifungua kwa ile programu ya kuchorea, sijui akatiki wapi, akaondoka na kadi yake. Tangu siku hiyo kila PDF inakwenda kufungukia huko kwenye kuchora, na ikifungukia huko inaharibika. Mistari inasogea, maneno yanapandana, alama za hesabu zinageuka viboksi.

Najua unataka kusema nini: bonyeza kulia, chagua ya kusomea. Ndivyo ninavyofanya, Helena. Lakini kuna siku Naomi analia mgongoni, mteja anagonga meza, na mkono unabonyeza mara mbili wenyewe kama ulivyozoea. Siku moja ya hizo nilikuwa natoa mtihani wa kufunga mwaka wa darasa la nne. Nilitoa nakala zote bila kuangalia. Watoto wakakaa na mtihani wa hesabu ambao swali la tatu limelala juu ya swali la nne.

Mwalimu Stanslaus alikuja nazo mkononi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema mtihani wa nusu muhula wa mwezi wa tatu atanipa, lakini ukiharibika tena kazi ya shule yao inahamia steshenari ya mjini. Na wewe unajua Stanslaus ni binamu yake Onesmo. Habari ilifika Mugango kabla yeye hajafika nyumbani kwake.

Huko Mugango mama mkwe amesema neno moja tu: "Ursula amechoka." Unajua maana yake. Kwao mtoto wa kwanza akishapata mdogo wake anakwenda kulelewa kwa bibi. Onesmo alilelewa hivyo, na kaka zake wameleta wa kwao hivyo. Wala hakuna kikao kinachokaa kuamua. Siku ikifika mtoto anafungashiwa nguo, anaondoka. Clever wangu sasa ana mdogo wake, na mimi sasa nina ushahidi kwamba nimechoka, umeprintiwa na umegawiwa darasa zima.

Fundi mmoja wa mjini ameiangalia hii laptop, anasema hiyo Ubuntu haijui, aifute yote aweke anayoijua yeye. Nimekataa. Kazi zangu zote ziko humo.

Mimi nataka iwe inafanya sawa yenyewe hata nikiwa nimechoka. Hasa nikiwa nimechoka. Wewe ndiye uliyeiweka, wewe ndiye unajua. Niandikie nifanye nini. Ukirudi utanicheka, lakini kwa sasa nisaidie kwanza.

Dada yako,
Ursula


Bunda
Jumapili, 4 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Milele amina.

Barua yako ilikaa ofisi ya parokia mpaka dereva alipokwenda kuchukua unga, lakini imefika. Kwanza nikuambie utaratibu wetu, maana nadhani sikukueleza vizuri. Tunaandika barua Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Simu ziko kwa mlezi wetu, Sista Matrida, tangu siku tulipoingia, na wageni hawaruhusiwi mwaka huu wa unovisi, kabla ya nadhiri. Na Sista anasoma kila barua, inayoingia na inayotoka, kabla ya kutupa. Nakuambia ili siku ukitaka kuniandikia ya mama mkwe ujue tunasoma wawili.

Nakula. Nimepangiwa kazi ya nguruwe. Kuna mmoja anakoroma kama baba akiwa na mafua, nikiwa namlisha nacheka peke yangu mpaka wenzangu wanaangaliana.

Sasa ya laptop. Nimekaa nikajaribu kukumbuka menyu ziko wapi nikuelekeze, nikashindwa, na kukuchorea skrini kwenye karatasi siwezi. Lakini amri ya maandishi inasafiri kwenye karatasi bila kupungua kitu. Kwa hiyo tutatumia lile dirisha jeusi ulilokuwa unaliogopa. Shikilia Ctrl na Alt, kisha gonga T. Litafunguka. Haliumi.

Andika hii, kisha Enter:

xdg-mime query default application/pdf

Hapo unaiuliza mashine: PDF kazi ya kufungua umempa nani? Itakujibu jina. Nina hakika itakutajia mchoraji. Mchoraji mwenyewe hana kosa, kazi yake ni kuchora, amepewa tu mlango usio wake.

Kisha andika hii:

xdg-mime default evince.desktop application/pdf

Evince ndiyo ile ya kusomea. Hapo unaagiza: kuanzia leo PDF ni ya huyu. Unasema mara moja, na mashine inakumbuka hata ukiizima. Baada ya hapo rudia ile amri ya kwanza uone kama jina limebadilika.

Herufi ndogo zote, na nafasi uziache nilipoziacha.

Kuhusu Clever, dada, nimesoma mara mbili. Umeandika mama mkwe anasema nini, na kwao wanafanyaje, na Onesmo alilelewa wapi. Wewe unataka nini hukuandika.

Nakuombea,
Helena


Kigera, Musoma
17 Februari 2024

Helena mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sista Matrida naye shikamoo, kama uko hapo.

Hatujambo. Naomi alipata homa tukaenda zahanati, imepita. Clever ameanza shule ya awali, sare inamfika magotini kwa sababu nilinunua ya kukulia. Onesmo alipita, akaleta vitunguu, akalala, akaondoka. Hili la Clever hatujaliongea. Nilitaka kuanza nikamwona anasinzia na kijiko mkononi.

Dirisha jeusi nimelifungua. Nililifungua asubuhi kabla wateja hawajaanza, na mlango nikaurudishia, maana mtu akiniona na maandishi meupe kwenye giza atasema nimeingia mambo mengine. Ile amri ya kwanza ilinijibu hivi:

libreoffice-draw.desktop

Nikasema haya, ndiye huyu. Nikaandika ya pili kama ulivyoiandika. Haikusema kitu! Nilikaa nasubiri kama mjinga. Haikukataa, haikukubali, ilinipa mstari mpya tu wa kuandikia. Nikarudia ya kwanza, ikanitajia mchoraji yuleyule. Nikabonyeza mtihani mmoja wa zamani, ukafungukia kulekule na maneno yamepandana vilevile. Nimerudia tena na tena, herufi ndogo, nafasi, kila kitu. Hakuna.

Katikati ya hapo mama mkwe akaingia. Alitoka Mugango na samaki wakavu, furu, na ndoo ya maziwa ya mgando. Akanikuta naongea peke yangu.

"Unagombana na nani huyo?"

"Na kompyuta, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Inakujibu?"

"Ndiyo shida yenyewe, haijibu."

"Basi ni kama mume. Nipe mtoto."

Tukacheka. Akamshika Naomi, akalala naye palepale kwenye kiti, nikatoa kazi tatu kwa amani. Huyu mama hana ubaya, Helena, nataka ulielewe hilo. Akija, nyumba inapumua. Clever anampanda kama mti. Kisha wakati wa kuondoka akasema, anafunga khanga, hata haniangalii, "Clever sasa ni mkubwa. Baada ya Pasaka nakuja kumchukua, wewe upumzike."

Nikasema, "Mama hujanywa chai."

Ndilo jibu nililotoa. Akanywa chai, akaondoka.

Umeniuliza nataka nini. Nataka mwanangu alale kwangu. Nataka nikimuuliza amejifunza nini leo aniambie uongo wake wote. Hilo naliandika hapa na sijalisema kwa mtu. Na siwezi kulisema wakati mtihani wa Stanslaus unakuja na mashine inanifanyia kiburi, kwa sababu nikisema leo na kesho nikaharibu tena, nitasemaje?

Ukirudi tutakaa siku nzima uniambie hii mashine ina nini. Kwa sasa niandikie kilichobaki. Mtihani ni kabla ya Pasaka.

Ursula


Bunda
Jumapili, 3 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Milele amina. Tuko katika Kwaresima na nyumba imetulia sana. Nguruwe wamezaa. Nimefurahi Naomi amepona, na hiyo sare ya Clever naiona kabisa machoni.

Pole kwa kuhangaika. Kosa si lako, nadhani nimelipata ni lipi. Fuata yote kama nilivyoyapanga kwenye karatasi ya pili, usiruke hata mstari mmoja, hasa pale pa kutafuta jina. Ukifika mwisho utaona.

Uliyoyaandika ya Clever nimeyashika. Nayaombea kila asubuhi, na nadhani unajua nafasi yako ya kusema iko wapi.

Helena


Kigera, Musoma
9 Machi 2024

Helena,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko wazima wote, salamu zitakaa fupi leo.

Bahasha yako ilikuwa na karatasi moja. Niliitikisa, nikaipasua pembeni, nikaangalia mpaka chini ya meza nikidhani Clever ameichukua achoree. Clever akalia kwa kusingiziwa. Hakuna karatasi ya pili.

Nilikasirika na wewe siku nzima. Nikasema ndiyo hivyo, ameingia huko, mimi naomba amri yeye ananiombea. Jioni nikaisoma tena nikaona hapana. Mtu anayesema "usiruke hata mstari" ameiandika hiyo mistari. Kwa hiyo iliandikwa, na kwangu haikufika.

Basi sasa hivi siongei na wewe. Kaa pembeni kidogo.

Sista Matrida, shikamoo.

Mimi ni Ursula, dada yake Helena, mtoto wa kwanza wa mzee Makongoro wa Butiama. Nilisoma mpaka kidato cha nne, sijui kuandika kwa kupamba, utanisamehe. Nadhani karatasi ya pili unayo wewe. Nadhani umeiona ina maneno yasiyoeleweka, yenye vistari na nukta, na kazi yako ni kuwalinda hao watoto, ukaona bora ibaki. Hata mimi ningefanya hivyo. Ningekuta Clever ana karatasi kama hiyo ningemuuliza.

Lakini hayo maneno si ya siri, Sista. Ni namna ya kuiambia kompyuta faili lipi lifunguliwe na programu ipi, basi, kama unavyomwambia mtu maziwa yanakaa sufuria hii na mafuta ya taa hayakai humo. Hakuna mwanamume kwenye hayo maneno. Hakuna mtu anayemwita Helena arudi.

Hapo nimesimama kidogo na kalamu, kwa sababu nimeandika kitu kisicho kweli, na wewe barua zangu umezisoma. Mimi ndiye ninayemwita. Kila barua nimeandika "ukirudi" kana kwamba ameenda sokoni. Kwa hiyo kama umeogopa, hukuogopa bure. Ila uovu wangu haumo kwenye karatasi ya pili, umo kwenye hizi za kawaida ulizoziachia zipite.

Nakuomba karatasi hiyo. Nisipoipata kabla ya mtihani wa mwisho wa mwezi huu, nikakosea tena, kazi ya shule inaondoka, nami sitakuwa na uso wa kumwambia mama mkwe kwamba naweza kumlea mwanangu. Sisemi hivi kukutisha, nakuambia tu hiyo karatasi imebeba nini.

Kama bado una wasiwasi, mwite Helena mbele yako akueleze neno moja moja. Anapendaga kueleza, utamchoka wewe.

Kwa heshima,
Ursula, mama Clever


Bunda
15 Machi 2024

Mpendwa Ursula,

Marahaba, mwanangu.

Karatasi ninayo mimi, kama ulivyosema. Huko nyuma tulikuwa na mnovisi aliyekuwa akiandikiana na mtu kwa namba na vistari, nikadhani ni hesabu za shule. Siku hizi ana watoto watatu. Tangu hapo nikiona kistari nashtuka.

Nimefanya ulivyoshauri. Nilimwita Helena na karatasi yake. Tuna kompyuta mbili za msaada hapa ofisini, kumbe nazo ni za mfumo huohuo wa kwako. Nilimwambia, "Haya, hiyo siri yenu ifanye hapa nikiona." Akaifanya. Nilikaa karibu naye, na ni kweli, nimemchoka.

Leo si Jumapili ya kwanza, lakini mtihani wa watoto haujui hilo, kwa hiyo anakuandikia. Dereva ataipeleka mwenyewe stendi.

Kuhusu "ukirudi", mimi si mtu wa kukujibu. Muulize yeye, kwa swali lililo wazi.

Sista Matrida

*

Dada,

Nina nusu saa na Sista yuko mlangoni, lakini anatabasamu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikutajia jina la zamani la ile programu, la mashine niliyosomea chuo. Kwenye mashine yako inajulikana kwa jina lingine, refu. Na hiyo xdg-mime ukiitajia mtu asiyekuwepo haikuambii "huyu simjui". Inaandika tu, inanyamaza, halafu inaendelea na mwenye kazi wa zamani. Ukiitajia mtu aliyepo nayo inanyamaza vilevile. Kwa hiyo usiusikilize ukimya wake, muulize tena.

Kwanza tafuta jina:

ls /usr/share/applications | grep -i evince

Hicho kijiti kilichosimama kiko karibu na Enter, ukishikilia Shift. Hapo unasema: nitajie programu zote zilizopo, ila nipe zenye neno evince peke yake. Zitatokea mbili. Yenye "previewer" iache. Chukua hii:

org.gnome.Evince.desktop

E ya Evince ni kubwa. Ikiwa kwako imeandikwa tofauti na hivi, fuata ya kwako, usifuate yangu. Sasa agiza:

xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf

Itanyamaza. Muulize:

xdg-mime query default application/pdf

Akikujibu org.gnome.Evince.desktop imekwisha. Hapo ndipo ubonyeze mtihani mara mbili, huku umefumba macho ukitaka. Tumejaribu hapa mara kadhaa, hata Sista amebonyeza mwenyewe. Barua ya Askofu ilikuwa inafungukia kwenye programu ya picha tangu mwaka juzi, wakawa wanaisoma hivyohivyo kwa kuikuza. Sasa inafunguka vizuri.

Sista amesema uniulize kwa swali lililo wazi. Nitajibu kabla hujauliza, maana nakujua utaanza na kama nakula. Nilipoingia nililia miezi miwili, na sikukuandikia hilo kwa sababu ungekuja getini. Sasa silii. Nikiamka hapa najua niko mahali pangu. Nina furaha, dada. Si kwa kuwa nyumbani palikuwa pabaya. Nimepachagua.

Helena


Kigera, Musoma
6 Aprili 2024

Mdogo wangu Sista Helena, na Sista Matrida ambaye tunasoma naye,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka njema, ingawa imepita.

Hapa wazima. Naomi anasimama kwa kushika meza, akiachia anakaa chini anajipigia makofi. Onesmo alipata siku nne nzima za Pasaka, kitu ambacho hakijatokea tangu tuoane, mpaka nikamzoea. Butiama wamewasalimu. Baba amesikia kwamba barua ya Askofu sasa inafunguka kwa sababu ya mwanae, anamwambia kila anayekwenda kunyoa kwa Lukas.

Amri zilifika. Majina yalitokea mawili kama ulivyosema, nikachukua lisilo na previewer, nikaagiza. Ikanyamaza. Safari hii sikukaa kuisubiri, nikamuuliza, na akanijibu jina lile refu, herufi kwa herufi. Nikapiga kelele mpaka Agness wa duka la pili akaja kuuliza kama nimeumwa na nge.

Siku ya mtihani Stanslaus alileta flashi mwenyewe, akakaa kwenye benchi nje asiniangalie, ila alikuwa ananiangalia. Naomi mgongoni, mteja wa picha za passport mbele, mwingine anataka laminesheni. Nikabonyeza mara mbili bila kufikiri. Nilijistukia baadaye, karatasi zimeshaanza kutoka. Nikaichukua ya kwanza. Swali la tatu lilikuwa mahali pake, la nne mahali pake, na alama ya kugawanya ilikuwa alama ya kugawanya. Nikampelekea. Akaigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Wa darasa la sita naleta Jumatatu." Basi.

Sasa la Mugango. Tulikwenda Jumapili ya Pasaka wote wanne. Tukafika tukakuta mama mkwe ameshamwandalia Clever kitanda, kidogo, cha kamba mpya, na chandarua cha bluu. Helena, ningekuta mtu mkali ingekuwa rahisi. Nilikiangalia kile kitanda nikataka kunyamaza tena.

Nikamwambia Onesmo tukiwa nyuma ya nyumba, "Nataka kumwambia mama kitu. Kaa karibu na mimi." Akauliza kitu gani. Nikamwambia. Akakuna kichwa, akasema, "Mimi nilidhani wewe unataka aje huku." Fikiria. Miezi yote hiyo yeye alidhani nimekubali kwa sababu sikukataa.

Tukaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anageuza sato kwenye kikaango cha chuma.

"Mama, Clever anakaa kwangu Kigera. Likizo ya mwezi wa sita nitamleta mwenyewe, na ya Desemba nitamleta. Shule ikifunguliwa anarudi kwangu."

Akaendelea kugeuza samaki. Nikasema, "Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, si kiziwi. Siku ile mbona hukusema?"

"Siku ile hukuniuliza, mama. Ulinipa taarifa."

Onesmo nyuma yangu akakohoa. Mama akaweka uma chini.

"Na huyu Onesmo unajua nani alimlea? Bibi yake, mama mkwe wangu. Walipokuja kumchukua hajui hata kufunga kifungo. Nilimfungashia nguo zake, nikakaa kimya. Hakuna aliyeniambia kwamba hapo mtu anaweza kusema."

Nikamshika mkono, una mafuta ya samaki. Akanisukuma kidogo. "Toka hapa, moshi utamuumiza mtoto. Na kitanda hakirudi kwa fundi, ujue. Mwezi wa sita nisikae namsubiri mpaka mwezi wa saba."

"Hutasubiri."

"Na wewe ukija ulale. Umechoka, hilo sijalifuta."

Nimelala, Helena. Nililala mchana wote wa Jumatatu ya Pasaka kama gogo, na hakuna aliyeniamsha. Nikaamka nikakuta Clever ameshamaliza kula sehemu yangu.

Jibu lako nimelisoma mara nyingi. Sitasema halikuniuma. Nilifikiri ulikimbilia huko, na mimi nikakaa naiweka sahani yako mezani. Umesema umepachagua. Haya, nimesikia.

Sasa nahitaji uniletee vitu vifuatavyo, na usichelewe, mwombe Sista kama Jumapili iko mbali. Amri ya nyimbo, maana nyimbo za kwaya nazo zinafungukia pasipo pake, faili zake zinaishia na mp3. Vipimo vyako, bega, urefu wa mkono na urefu wa gauni, mama yetu anataka kushona mwenyewe na amekataa kukisia. Tarehe kamili ya nadhiri zako za kwanza na saa ibada inaanza, nibandike tangazo kwenye mlango wa steshenari kwamba siku hiyo sifungui. Idadi ya ndugu wanaoruhusiwa kuingia. Na uniandikie kama watoto wadogo wanakubaliwa kanisani siku hiyo, kwa sababu nakuja na wote wawili.